Magitaa Matatu Nyuma ya Pazia

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa. Msemaji alisoma hapa tangu 1971 hadi 1974, na baadaye alipiga gitaa la besi katika bendi za dansi mjini Dar es Salaam. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu tuliokula maharage ya shule hii, na ninyi vijana mnaoyala hivi sasa: salaam nyingi.

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti wetu ananijua vizuri. Tulipokuwa kidato cha kwanza yeye alilala kitanda cha juu, nami cha chini. Anajua kuwa mpiga besi si mtu wa kusema mbele za watu. Mahali petu ni nyuma, ubavuni mwa dramu. Watu wakitoka dansini humtaja mwimbaji na mpiga solo. Wa besi hana jina. Kwa sababu hiyo nimekuja na wasaidizi watatu. Wako nyuma ya lile pazia, na nitawatoa baadaye.

Jambo lililonisimamisha hapa ni hili. Tumechanga fedha za kununulia shule vyombo vya muziki, na katika kikao cha asubuhi yalizuka mabishano juu ya gitaa la besi. Wenzetu wengine walisema linunuliwe la bei kubwa kabisa, lenye nyuzi tano na betri ndani yake, ili shule isidharauliwe. Wengine wakasema besi ni besi, lichukuliwe lolote, fedha ziende kwenye magitaa ya solo. Kwa heshima zote, nasema pande zote mbili zimekosea. Wala siwacheki, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekosea kwa namna zote mbili, na moja ya makosa hayo lilimgharimu mama yangu mzazi. Nitaeleza.

Kwanza tufanye jaribio, kama tulivyofundishwa katika maabara ya shule hii. Nakwenda nyuma ya pazia. Nitapiga kipande kile kile mara tano. Fumbeni macho. Kazi yenu ni kuniambia nina magitaa mangapi.

(Hapa msemaji alipiga mara tano. – Mhariri)

Haya. Wanaosema matano? Naona mikono mingi, hata ya walimu. Manne? Wapo. Matatu? Kijana mmoja kule karibu na mlango, pamoja na mwalimu wa fizikia, ambaye nadhani alichungulia. (Kicheko.)

Ni matatu. Gitaa la kwanza nimelipiga mara tatu. Mara ya kwanza nilitumia nyama ya dole gumba, karibu na shingo. Mara ya pili nilitumia vidole viwili, hapa katikati. Mara ya tatu vidole vile vile, lakini huku nyuma karibu na daraja linaloshika nyuzi. Sikugusa kitufe hata kimoja. Mkono umehama kiasi cha shubiri moja na nusu, nanyi mkasikia magitaa matatu.

Lakini msikimbilie kusema kwamba basi magitaa yote ni sawa. Lile la nne na la tano mlizosikia hazikuwa sauti za mkono wangu tu. Yalikuwa magitaa mengine kweli, na tofauti zake zina sababu. Tuzitazame.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Sauti zake ziko chini ya zile nyuzi nne nene za gitaa la kawaida kwa oktavu moja nzima. Uzi mnene kuliko wote, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti yake lina urefu wa zaidi ya meta 8. Vijana wa kidato cha nne, gawanyeni mwendo wa sauti kwa 41 mtaona. Ndiyo maana besi husikika kifuani kama inavyosikika masikioni.

Zamani kazi hii ilifanywa na besi la kusimama, lile kama fidla kubwa linalopita kimo cha mtu. Kulibeba ni shida, na mbele ya tarumbeta na dramu hufunikwa. Miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, aliuza besi ya umeme ya kupakata, lakini haikuenea. Iliyoenea ni ya mwaka 1951. Ilitoka kwa Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Aliiita Precision, yaani ya usahihi, kwa sababu alipitisha vyuma vidogo shingoni mwake, na mpigaji akibonyeza nyuma ya chuma hupata sauti iliyo sahihi, hana haja ya kubahatisha kwa kidole kama kwenye besi la kusimama.

(Hapa msemaji alileta gitaa la kwanza mbele. – Mhariri)

Hili ndilo Precision. Hapa katikati lina pikapu. Sisemi gari la kubebea mkaa; ni kinasa sauti chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya na kwenda kwenye amplifaya. Tangu 1957 pikapu hii imegawanywa vipande viwili, kila kimoja kwa nyuzi mbili, na waya zake zimepangwa ili uvumi wa umeme wa upande mmoja uue ule wa upande wa pili. Shingo yake ni pana, kama milimeta 44 karibu na kichwa. Mkono mdogo huchoka. Sauti yake ni moja, nzito, ya katikati, haina mapambo. Ukiipiga peke yako chumbani unaweza kuona haina ladha. Ipeleke kwenye bendi ya watu kumi uone inavyokaa mahali pake.

La pili, lile mlilosikia mara ya nne, ni Jazz Bass, la kiwanda hicho hicho, mwaka 1960. Tazameni shingo: karibu na kichwa ni milimeta 38 hivi. Vidole vinakimbia. Pikapu zake ni mbili, moja kuelekea shingoni, nyingine karibu na daraja. Karibu na daraja uzi haurukiruki sana, kwa hiyo ile sauti ya chini hupungua na zile ndogo ndogo za juu hutokeza. Ndiyo sauti yenye makali, kama mtu anayesema kwa puani. Kuelekea shingoni uzi hucheza kwa upana, na sauti huwa ya mviringo. Kwa vitufe hivi unachanganya utakavyo. Lakini ukizima pikapu moja, iliyobaki huvuma peke yake, hasa chini ya taa za mirija.

La tatu, dogo hili lenye umbo la fidla, ni mfano wa Höfner wa Ujerumani, lililoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1950. Lishikeni mwone: jepesi, ni tupu ndani. Sehemu ya uzi inayotetema ni sentimita 76 tu. Kwenye yale mawili ya Fender ni 86. Mnakumbuka mwalimu wetu wa fizikia alivyotundika mawe ya mizani kwenye waya? Waya ukiwa mfupi, ili utoe sauti ile ile lazima uulegeze. Ndivyo lilivyo hili. Nyuzi zake ni laini chini ya vidole, nafasi za vyuma ni za karibu, mtoto wa kidato cha kwanza anazifikia. Sauti yake hupiga tumbuu, kisha hufa mapema, inakaribia ile ya besi la kusimama.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau: nyuzi. Zipo zilizozungushiwa waya wa mviringo. Hizo hung'ara, na kidole kikiteleza husikia mkwaruzo. Zipo zilizozungushiwa utepe wa chuma bapa. Hizo ni laini kama kioo na sauti yake ni nzito, isiyong'ara. Badilisha nyuzi hizi kwenye gitaa moja, na umebadilisha zaidi ya nusu ya sauti. Sisi wakati wetu nyuzi zilikuwa adimu, kwa hiyo tulizichemsha. Uzi ukipigwa miezi mingi hujaa jasho na uchafu, sauti hufifia. Ukiuchemsha katika maji safi uchafu hutoka, nao huamka kwa siku kadhaa. Nyuzi zangu za kwanza nilizichemsha katika sufuria ya jiko la shule hii, mwaka 1973. Mpishi alinifukuza na mwiko hadi uwanja wa mpira. (Kicheko.)

Sasa nije kwenye kosa langu.

Vijana, lazima mjue kwamba bendi nyingi za wakati ule nchini kwetu zilikuwa mali ya vyama na mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukihama, gitaa unaliacha ukumbini. Kwa hiyo nami nilipiga lolote nililopewa, na nilikuwa nasema kama wale wenzetu wa asubuhi: besi ni besi. Sikujali nyuzi, sikujali shingo iliyopinda, wala sikujifunza chombo nilichokishika.

Mwaka 1984 niligeuka upande wa pili. Baharia mmoja alileta gitaa la besi jipya, linalong'aa, lenye betri ndani na vitufe vingi. Kiwanda sikitaji, maana gitaa lenyewe halikuwa na kosa. Nilipolijaribu chumbani mwake lililia kama kengele ya shaba. Nyumbani kijijini mama yangu alikuwa katika nyumba ya nyasi, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimeweka akiba ya mabati yake. Nilitoa fedha ile yote. Nilijiambia kwamba nikiwa na chombo kama kile nitapata jina, na jina litaleta mabati maradufu.

Jumamosi ile nilipanda nalo jukwaani. Kila uzi nilioupiga niliusikia mwenyewe, wazi kabisa. Lakini ilipofika saa nne usiku watu walikuwa wamekaa. Wimbo ulifika kwenye chemko, pale ambapo kwa kawaida meza zote hubaki tupu, na bado watu wamekaa wanakunywa. Kiongozi wetu alinijia wakati wa mapumziko akasema maneno ambayo sijayasahau: "Bwana mdogo, gitaa lako nalisikia. Besi siisikii."

Alilichukua. Alirudisha nyuma vitufe vyote vya sauti za juu, akahamisha mkono hadi karibu na shingo, akapiga kwa dole gumba, polepole, akiacha nafasi kati ya sauti na sauti. Mpiga tumba akaingia bila kuambiwa, na meza mbili zikasimama. Ndipo nilipoelewa. Makali yale niliyoyapenda yalikuwa yanakwenda mahali pa gitaa la rithimu na la solo la pili. Wenzangu walikuwa wanasukumana nami mlangoni, na chini, mahali pangu, hapakuwa na mtu. Chombo kiliweza kufanya kazi yangu. Mimi ndiye niliyeiacha.

Masika ya 1985 yalimkuta mama chini ya nyasi zile zile. Nilikwenda kumwona, nikamweleza kweli, kwa sababu sikuwa na uongo wa kutosha. Hakunigombeza. Alisema, "Lilete basi, nisikie mabati yangu yanavyolia." Nililitoa mfukoni. Kwetu hakukuwa na umeme, na gitaa la umeme bila umeme hutoa sauti ya nzi. Mama alisogea, akaweka kiganja juu ya ubao wake nilipokuwa napiga, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Linatetema." Basi. Hakusema zaidi. Niliporudi mjini nililiuza, na mwaka 1986 nyumba ikaezekwa.

Tangu siku hizo nimekuwa nikitazama jinsi mabingwa walivyoishi na vyombo vyao. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia Precision la 1962 lenye nyuzi za bapa, ambazo hakupenda kuzibadilisha mpaka zikatike, na kidole kimoja tu cha shahada. Paul McCartney alinunua Höfner lake mjini Hamburg mwaka 1961 kwa sababu lilikuwa la bei aliyoiweza, na kwa sababu umbo lake, upande huu sawa na ule, halikumwonyesha vibaya yeye anayepiga kwa mkono wa kushoto. Liliibwa London mwaka 1972. Habari za kupatikana kwake zilitangazwa Februari 2024, zaidi ya miaka hamsini baada ya kuibwa. Gitaa la bei nafuu! Jaco Pastorius naye alitumia Jazz Bass lililong'olewa vyuma vya shingoni, likawa linaimba kama sauti ya mtu. Watu hawa watatu walikuwa na magitaa ya aina tatu, na kila mmoja alilijua lake kama mkulima anavyolijua jembe lake.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, sikilizeni wimbo wa Les Wanyika uitwao Sina Makosa. Anayepiga besi ni Tom Malanga. Besi ile ndiyo inayoongoza wimbo, nayo ina nafasi nyingi tupu. Harusini watu huitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na sijapata kusikia bibi harusi akiuliza gitaa lile ni la kiwanda gani.

Wazee wenzangu, hivyo basi ushauri wangu ni huu. Fedha tusizimalize kwenye gitaa. Linunuliwe la nyuzi nne, la kawaida, lisilohitaji betri, lenye shingo iliyonyooka. Kabla ya kulipa, mtu alishike na kutazama urefu wa shingo kwa jicho moja kama seremala atazamavyo ubao, apige kila uzi kwenye kila chuma, asikie kama kuna mahali panapokwaruza. Kwa wavulana wa mikono midogo, lenye shingo nyembamba au lile fupi litafaa zaidi. Fungu kubwa kuliko hilo liende kwenye amplifaya na spika pana, kwa sababu spika ndogo haiwezi kutoa sauti ya mitetemo 41, hata ukiifunga kwenye gitaa la mfalme. Akiba ya nyuzi seti mbili. Na fungu la tatu, ambalo asubuhi hakuna aliyelitaja, liwe la kumlipa mwalimu anayejua, aje hapa kila Jumamosi. Chombo bila mwalimu kitawafundisha makosa yangu, na makosa yangu yana bei.

Vijana, nina neno moja kwenu, nalo halihusu fedha. Miaka mingi nilisimama upande wa kulia wa dramu, karibu na matoazi. Sikio langu la kushoto sasa halisikii sauti za juu. Mjukuu wangu akininong'oneza upande huu, naona midomo tu. Tulidhani kuziba masikio ni uoga. Nunueni vizibo vya masikio; bei yake haifiki ya soda chache. Siku hizi nikitaka kujua kama gitaa langu limekaa sawa, naweka kiganja juu ya ubao, kama mama.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, kati ya wasaidizi hawa watatu, wawili nimewaazima kwa rafiki na kesho watarudi kwao. Lakini hili Precision ni langu, nimelipiga tangu 1991, na leo naliacha shuleni. Nina sharti moja. Wakati wetu gitaa la shule lilifungiwa stoo, na ufunguo ulikuwa kwa mtu ambaye kila tulipomwendea alikuwa ametoka. Mimi nililiona mara nne katika miaka minne. Naomba hili lisifungiwe. Likikwaruzwa, sawa. Uzi ukikatika, nipigieni simu. Lakini kila jioni baada ya michezo awepo kijana mmoja mwenye zamu yake.

Naona yule kijana wa karibu na mlango, aliyesema matatu, bado amesimama. Njoo mwanangu. Usiogope. Weka dole gumba hapa, karibu na shingo. Polepole.